Kanga na Pikipiki Isiyonguruma

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelazimishwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni. Na nyie wakubwa, wekeni simu chini.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana pikipiki zilikuwepo, wanyama walikuwa na kijiwe chao cha bodaboda njia panda. Mwenyekiti alikuwa Ngiri. Pikipiki yake ya petroli ukiiwasha, trrr! pa-pa-pa-pa! Moshi, fuuu! Abiria wakisikia wanasema, "Hiyo ina nguvu!"

Siku ya gulio akaja Kanga, yule ndege wa madoadoa. Mjane, na vifaranga wamejaa nyumbani. Kaja na pikipiki ya umeme. Akaiwasha. Kimya. Akazungusha mkono wa mafuta, mafuta yenyewe hayamo. Ssssss.

Nyani, naye dereva, akacheka mpaka akadondoka kwenye siti ya pikipiki yake. "Jamani, pikipiki imekaukiwa sauti! Ipeni chai ya tangawizi!"

Ngiri akasema, "Dada Kanga, sheria ya kijiwe unaijua. Mgeni akimaliza gulio hajapata abiria, anaondoka, harudi."

"Naijua, mwenyekiti."

Akaingia foleni. Fisi akaja, akatega sikio. "Hii imezimika?"

"Imewaka, kaka."

"Imewaka wapi? Sisikii kitu!" Akapanda ya Nyani.

Nungunungu akaja, akatega sikio, akapanda ya Ngiri. Jua likapanda. Jua likashuka. Kanga hana abiria. Akawaza, wanangu watakula nini?

Unajua alifanya nini? Aliokota makopo, akayafunga nyuma ya pikipiki ili nayo ipige kelele. Koloko! Koloko! Kijiwe kizima wakashika mbavu.

Mara, mbio mbio, akaja Mama Swala. Tumbo hilo! Uchungu umemshika. "Nipelekeni kwa mkunga!"

Mkunga anakaa ng'ambo ya bonde. Njia ya mkato ipo, ila katikati yake analala Nyati. Na Nyati na kelele, wapi na wapi! Akisikia mngurumo tu, anainuka na pembe. Pikipiki kichakani, dereva kichakani, abiria kichakani. Ndiyo maana bodaboda zote zinazunguka mlima.

"Tutazunguka," Ngiri akasema.

"Huyu mtoto atangoja mzunguke? Nitazalia barabarani mimi!"

Ngiri akageuka akautazama mlima. Nyani akaanza kukagua kucha zake.

Kanga akayatazama makopo. Akayang'oa, akayatupa, koloko! "Panda, dada. Nishike vizuri."

Ssssss, wakashuka bondeni. Nyati huyo, kajilaza kama kichuguu, anakoroma, khooo! khooo! Mama Swala uchungu ukamkaza. Akauma midomo asilie. Ssssss. Wakapita karibu na mkia. Ssssss. Wakapita karibu na pembe. Sikio la Nyati likacheza... likatulia. Khooo!

Wakapita!

Jua halijazama, Kanga huyo anarudi njia ile ile, kampakia mkunga anayeleta habari. Walipofika njia panda, mkunga akapiga vigelegele. "Kajifungua! Pacha! Wazima! Na Kanga kapita kwa Nyati kwenda na kurudi!"

Kijiwe kizima wakasimama. Fisi akaruka mbele. "Mimi napanda ya Kanga!"

"Foleni, bwana!" Nungunungu akafoka. "Ukinisukuma utachomwa!"

Ngiri akashuka kwenye pikipiki yake. Akakuna shingo, akakohoa. "Dada Kanga, hapa ni kwako. Kaa mbele. Halafu, hiyo pikipiki... inachajiwa wapi? Na mimi naitaka."

Kanga akacheka, kwekwekwe! "Njoo nyumbani, mwenyekiti, nikufundishe. Ila kwanza nipishe, nina abiria."

Sasa nasema wazi, mnisikie wote. Kitu kipya usikicheke kwa kuwa hakifanani na ulichokizoea. Na wewe uliyenacho, usikiharibu ili kifanane na cha wenzako. Kiache kifanye kazi, watakiona.

Hadithi yangu naiegesha hapa. Anayeitaka aichukue, aende nayo kwao.