Charawanzi Alivyomlaza Papa Mchangani

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nani?
Pakawa mimi, ninayeujua ukoo wa samaki kuliko mwalimu aliyenitoa darasa la tano. Tegeni masikio.

Hapo kale Papa alitoa sheria moja: papa ni ndugu, taa ni chakula. Akamkuta taa mwenye mwiba. "Wewe nani?" "Mimi taa." Kwapu, akammeza. Akamkuta taa mwenye madoa. "Wewe nani?" "Mimi taa." Kwapu. Nyuma walifuata wadogo zake wawili, wanaokota makombo, njaa haiwaishi.

Wakamfikia samaki aitwaye Charawanzi, amejifukia mchangani, tumboni ana watoto wanne.

"Wewe nani?"

"Mimi papa, kaka. Tazama mkia, tazama mapezi yake mawili."

Papa akamzunguka. "Nyuma papa, kweli. Mbele umebapa kama taa, na matundu ya pumzi yako chini ya tumbo. Basi dada, nitakula mbele, nyuma nakusamehe."

Wadogo zake wakacheka, kwi kwi kwi.

Watoto wakamcheza Charawanzi tumboni. Hakusogea hata kidogo. "Kaka, macho hudanganya. Tulale mchangani sote wawili. Atakayeinuka kwanza ndiye taa. Au unaogopa kulala?"

"Mimi? Niogope kulala?" Papa akajitupa chini, puu.

Sasa sikilizeni, nyie msiojua kitu. Charawanzi ana vitundu viwili nyuma ya macho. Anavuta maji kwa juu, fyuu, anayatoa kwa chini, fyuu. Papa yule hana. Asipoogelea, maji hayapiti, na pumzi haipati.

Fyuu, fyuu. "Kaka, upo?"
"Nipo."
Fyuu, fyuu. "Kaka, upo?"
"Ni... po."
Fyuu, fyuu. "Kaka?"

Papa akachomoka mchangani, chubwi, anatweta.

Wadogo zake wakamtazama. Makubaliano walikuwa wameyasikia, na njaa walikuwa nayo. Mmoja akasogea, akauliza taratibu, "Wewe nani?"

Papa akageuka mbio. Alishika njia ya kilindini, wadogo zake nyuma, na mpaka leo hajasimama. Kila akitaka kupumzika, analisikia swali lile mkiani.

Charawanzi akazaa wanne, salama, palepale.

Hadithi yangu imelala hapo, atakayeinuka kwanza aibebe. Na funzo lake ni hili: usibishane na mwenye meno. Mkubwa akisema wewe ni chakula, lala chini, unyamaze.