Msindikizaji Naye Apimwe

"Msindikizaji naye apimwe." Mmeisikia leo pale kituo cha afya, muuguzi akimwambia yule kijana aliyempeleka mama yake, nanyi mkaangua kicheko mpaka watu wakageuka. Sasa mnaniuliza mimi methali hii imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga, wajukuu zangu, au kama ni wahenga basi wahenga wenyewe ni babu yenu Kondo na mtani wake Maduhu. Sogeeni hapa mchambue mchicha. Mikono ifanye kazi, masikio yasikilize, na anayetaka kusinzia aende chumbani. Ilianza hivi.

Babu yenu Kondo Mwinshehe ni Mzaramo, fundi baiskeli wa hapa hapa Mlandizi. Mnamjua mwili wake: mrefu, mwembamba, hana hata kitambi cha kusingiziwa. Maduhu Nkwabi yeye alikuwa Msukuma, pande la mtu, aliyekuja huku na ng'ombe wa kuuza, akapapenda, akafungua bucha na jiko la nyama choma karibu na stendi. Na Mzaramo na Msukuma, tangu enzi za mababu, ni watani.

Ninyi wa siku hizi mnadhani utani ni kuchekeshana tu. Thubutu! Utani ni sheria. Mtani akichukua kitu chako humdai. Akikusema vibaya hununi. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa, anaigiza mwendo wa marehemu, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumfukuza. Na mtani akikuomba jambo kwa jina la utani, hukatai. Ukikataa, umevunja kitu kilichokutangulia kuzaliwa.

Basi kila jioni babu yenu akifunga karakana yake, alipitia kwa Maduhu. Hasalimii. Anakwenda moja kwa moja jikoni, anachagua kipande kilichoiva mpaka kikaungua kingo, anakula kwa mkono. "Lete ushuru, Msukuma! Umepita katika nchi yetu bila kibali."

Maduhu naye anamjibu, "Kula, Mzaramo, kula. Labda utapata nguvu za kubeba hiyo ngoma unayoikeshea."

Ikawa hivyo jioni kwa jioni, mwaka baada ya mwaka. Akija nyumbani nimempikia dona, kunde na mchicha wa kuungwa kwa nazi, anaonja kidogo kunifurahisha. "Mke wangu, mimi si mbuzi," anasema, anawasha sigara yake. Nami nilinuna weee, mpaka nikachoka kununa.

Masika moja Maduhu alibadilika. Alianza kula amesimama. Mteja akimkaribisha kwenye benchi anasema amechoka kukaa, na wakati kutwa nzima hajakaa. Katikati ya kukata nyama anaweka kisu chini na kupotelea chooni, harudi upesi. Wengine hawakuona, lakini mtani ana macho ya kutafuta la kusema, na babu yenu alikuwa anatafuta. "Vipi, Msukuma, benchi lina moto? Au michembe, viazi vikavu vya kwenu, imegoma kutoka?" Maduhu akasema, "Labda," akaendelea kukata nyama. Siku ya tatu ya jibu hilo hilo lisilo na utani, babu yenu akaacha nyama, akamvuta nyuma ya bucha.

Maduhu akatazama huku na huku, akasema polepole, "Nikienda haja naona damu."

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi yalipovunwa."

"Mkeo anajua?"

"Nimwambie nini mke wangu? Mambo ya chooni hayo! Hata wewe nakuambia kwa sababu wewe si mtu, wewe ni Mzaramo."

Babu yenu alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akamwambia waende hospitali. Maduhu akaruka kama kakanyaga kaa la moto. Alikwisha kusikia habari za kamera inayopitishwa nyuma, na yeye mwanamume mzima, mwenye wakwe na wajukuu, hakubali. Heri afe.

"Sawa, kufa," babu yenu akasema. "Lakini kumbuka kwenye msiba wako mwenye uwanja ni mimi. Wakwe zako watashuka kutoka Magu, watakaa kwenye mikeka na heshima zao, na mimi mtani nitasimama mbele yao niigize ulivyokuwa unakimbilia chooni umeshika suruali. Nitaigiza na sura. Nani atanizuia?"

Maduhu akafikiri. Kifo hakikumtisha sana, lakini wakwe! Msukuma na mkwewe ni heshima tupu. Jasho likamtoka.

"Nitakwenda," akasema mwishowe. "Lakini na mimi nina langu. Kila watakachonipima mimi, nawe upimwe."

"Mimi? Mimi siumwi hata ukucha. Mimi nakusindikiza tu."

"Sikuulizi kama unaumwa. Nakudai utani."

Hapo babu yenu alikamatika. Angewezaje kukataa?

Walipofika kituo cha afya walimkuta muuguzi, Sista Nakijwa, mama wa Kipare asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza Maduhu bila kukunja uso. Akamwambia damu inayoonekana haibembelezwi, aende hospitali kubwa mjini akatazamwe utumbo mpana kwa kamera. Inaweza kuwa bawasiri tu, inaweza kuwa jingine, na hakuna anayejua kwa kukisia. Kisha akamgeukia babu yenu.

"Na wewe baba?"

"Mimi msindikizaji."

"Mwongo huyo, Sista!" Maduhu akadakia. "Naye anapimwa. Tumekubaliana."

Sista akamuuliza kama amevuka miaka arobaini na mitano. Babu yenu akasema ameivuka siku nyingi. "Basi kuna kipimo chako hasa," Sista akasema. "Unaleta choo kidogo, tunatafuta damu ambayo jicho halioni. Ni cha watu wasioumwa. Anayeumwa tunamtibu, asiyeumwa tunamuwahi. Kuna mtu wa ukoo wenu aliyeugua tumbo?"

"Baba yangu alikufa kwa tumbo," babu yenu akasema. "Walisema karogwa."

Sista akaacha kuandika, akamtazama. Akampa kichupa.

Alirudi nacho nyumbani kakishika kwa vidole viwili, anakitazama kama yai la nyoka. Nilicheka siku ile mpaka nikalala kwenye mkeka. Majibu yalipokuja sikucheka. Kulikuwa na damu imejificha. Sista alituambia hiyo si kusema ana saratani, ni kusema mlango umegongwa na sasa mtu afungue atazame. Maneno mazuri, lakini niliogopa, wajukuu zangu. Niliogopa mpaka chumvi nikaitia kwenye chai.

Wakapangiwa siku moja, watani wawili, nami nikaenda nao. Tulifikia kwa dada yangu Chiku, na hapo sasa mcheke. Ili kamera ione, utumbo lazima uwe mtupu, kwa hiyo siku inayotangulia mgonjwa hali chakula kigumu na anakunywa dawa ya kusafisha tumbo. Dada Chiku ana nyumba nzuri, lakini choo ni kimoja. Watu wawili, dawa ile ile, saa ile ile, choo kimoja! Mchana kutwa ilikuwa ni mlango kugongwa.

"Toka, Msukuma! Unajenga humo?"

"Subiri zamu yako, Mzaramo, nchi hii si yako peke yako!"

"Ni yangu! Lete ushuru! Nakudai utani, fungua!"

"Utani hauna nguvu humu ndani!"

Majirani wa Chiku walikaa barazani kusikiliza. Mama mmoja alileta na mwanawe.

Kesho yake wakaingia chumba cha kipimo mmoja baada ya mwingine. Walichomwa sindano ya usingizi, na walipoamka waliulizana kama kimekwisha kuanza. Kumbe kimekwisha, na ndiyo kamera ile waliyokuwa wanaiogopa. Nikaitwa, nikaketi kati ya vitanda vyao, daktari akaja. Binti mdogo tu, sauti ya upole.

"Mzee Maduhu, ni bawasiri. Nitakupa dawa. Unywe maji ya kutosha, ule mboga na matunda, na usikae chooni kama kijiweni." Maduhu akashusha pumzi, kitanda kikalia. "Mzee Kondo, wewe tumekukuta na vinyama viwili vimeota ndani ya utumbo. Kimoja kimefikia ukubwa wa kunde. Tumeviondoa vyote viwili, pale pale. Vinyama vya namna ile vikiachwa, vingine baada ya miaka hugeuka saratani, na mwenyewe hasikii maumivu. Tumevipeleka maabara tuhakikishe."

Daktari akaondoka. Babu yenu akalala anatazama dari. Najua alikuwa anamwona baba yake. Maduhu naye kimya, mtu ambaye hajawahi kukaa kimya mbele ya Mzaramo.

"Maduhu," babu yenu akaita.

"Naam."

"Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Nitanie. Tangu nikujue hujaninyamazia. Ukininyamazia leo naona kama nimekwisha kufa."

Maduhu machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni. Akayafuta kwa shuka la hospitali, akakohoa.

"Mzaramo mwizi wewe," akasema. "Damu nimetoa mimi. Aibu nimepata mimi. Safari ya kuja huku ilikuwa yangu. Wewe ulikuja kunisindikiza tu, ukafika ukaubeba uzima kama unavyobeba nyama kwenye jiko langu! Hata hospitalini umekuja kudai ushuru!"

Babu yenu akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na Maduhu akacheka, na mimi nikacheka huku nalia, mpaka muuguzi akaja kutuuliza kama tuna akili. Nikamwambia hatuna, leo tusamehewe.

Majibu ya maabara yalisema vile vinyama vilikuwa bado havijageuka saratani. Njiani, lakini bado. Siku ile niliimba barabarani, mimi mtu mzima.

Maduhu alisema jambo hili haliwezi kwisha bila msiba. Kimekufa kitu cha mtani wake, yeye ana haki yake. Jumamosi akaja hapa uani amevaa kanga ya mkewe, analia kwa sauti, kabeba punje moja ya kunde juu ya jani la mgomba. Mtaa mzima ukajaa. Wanawake wakaleta vyungu, Wazaramo ngoma ikashuka, Wasukuma wakaingia uwanjani, vumbi likapanda juu. Maduhu akaizuia ile punje isizikwe mpaka apewe haki yake. Akaulizwa anataka nini.

"Nataka Mzaramo huyu aizike na sigara zake," akasema. "Na tangu leo kwenye jiko langu akichukua kipande kimoja, mkono wa pili ushike bakuli la mchicha. Na kipande kiwe kisichoungua!"

"Na wewe Msukuma," babu yenu akajibu, "uache kukatisha kwa bodaboda toka hapa mpaka stendi. Utatembea na mimi kila asubuhi, na dona utakula kwa mke wangu. Nakudai utani!"

Wakafukia kunde na pakiti ya sigara shimo moja. Watu wamelala kwa kucheka. Ndipo babu yenu akaomba kusema, akasimama pale penye shimo.

"Baba yangu nilimsindikiza mimi," akasema. "Kwa waganga, hospitalini, kote nilikuwa nimemshika mkono. Nikamsindikiza mpaka kaburini. Katika safari zote zile, hakuna hata mmoja aliyenigeukia akasema: na wewe mwanawe, je? Wote tulikuwa tunamtazama mgonjwa. Amekuja kuniuliza Msukuma huyu, tena kwa mzaha. Ndugu zangu, mliozaliwa na yule mzee kama mimi, nawaomba. Msindikizaji naye apimwe."

Nikawaona wadogo zake wanatazamana. Kisha wifi yangu Tatu akanyanyuka, akajikung'uta mchanga, akamuuliza Maduhu, "Hicho kichupa kinapatikana siku gani?" Vigelegele vikapasuka! Wiki ile Sista Nakijwa aliishiwa vichupa, akaja mpaka kwenye karakana kumgombeza babu yenu. Tatu naye alikutwa na kinyama kimoja, kidogo, kikaondolewa. Ndiye yule aliyewasuka nywele jana.

Na baba yenu alipofika umri aliotajiwa na daktari, hakungoja kuitwa. Kwa watoto wa mtu kama Kondo umri huo hushushwa kidogo. Mimi pia nilipimwa, msinitazame hivyo. Nilikuwa nimeketi kati ya vitanda viwili, ningesema mimi ni nani kama si msindikizaji?

Kwa hiyo yule kijana wa leo, alipomwambia muuguzi kuwa haumwi, kamleta mama tu, alisema maneno yale yale ya babu yenu. Mwacheni mama yake atazamwe, anastahili. Lakini kwenye benchi lile kulikuwa na watu wawili, damu moja, chungu kimoja. Msindikizaji naye apimwe.