Nyayo Chini ya Ungo

Hapo zamani za kale, na wewe unayesinzia hapo nyuma amka, wanyama wa magharibi ya mto walitawaliwa na Tembo. Amiri jeshi wake alikuwa Kifaru. Walipigana vita vitatu kwa mpigo: Fisi kaskazini, Nyani kusini, Mamba mashariki. Ngoma ikilia huku, jeshi mbio! Ikilia kule, jeshi mbio! Na kabla ya kila safari, wakubwa hao wawili walipita nyumba kwa nyumba kuchukua chakula cha askari.

Bi Pimbi, mjane mdogo mwenye watoto watano, alitoa mtama mara ya kwanza, akatoa na mara ya pili. Kikabaki kibuyu kimoja cha mbegu, na mvua zilikuwa zinakaribia.

"Hodi!" alinguruma Kifaru asubuhi moja. Puu! Mlango chini.

"Kile kibuyu," alisema Tembo, "kinatakiwa vitani."

"Ile ni mbegu, mfalme wangu. Tukiila, mwakani tutakula nini?"

"Mwakani!" Kifaru alicheka. "Adui akiingia, hiyo mwakani utaionea wapi? Kesho tunakuja kukichukua."

Walipoondoka, Bi Pimbi aliwageukia watoto wake. "Wanangu, kibuyu hiki hakitoki humu," alisema. Akaziona nyayo zao mlangoni, pana kama sinia. Alizitazama sana, kisha akazifunika kwa ungo. Halafu akaenda mbio kwa mfalme, majirani wakimfuata.

"Mfalme! Adui wa nne!"

"Wa nne? Lahaula! Yuko wapi?"

"Yuko huku huku ndani! Amemaliza maghala yetu, na leo kavunja mlango wangu. Nyayo zake nimezifunika zisifutike."

Tembo alipandwa na hasira. Akaweka mkonga juu ya ngoma ya vita, na kiapo cha ngoma ile hakikuwahi kuvunjwa na mfalme yeyote.

"Naapa! Mwizi huyo atarudisha kila punje, na atalima mashamba yote kwa pembe zake. Kama hana pembe, atalima kwa meno!"

"Nami naapa!" alidakia Kifaru.

Wakaenda wote. Bi Pimbi akafunua ungo.

"Tusaidie kupima, mfalme. Weka mguu wako hapa."

Tembo akauweka. Puh! Ukaenea sawasawa. Majirani wakasogea kuona.

"Na huu wa vidole vitatu? Amiri, mbona unarudi nyuma? Njoo nawe upime!"

Kifaru aliangalia chini, akaona aibu.

"Lakini Bi Pimbi," Tembo alisema kwa sauti ndogo, "vita vitatu hivi nani atapigana?"

"Mamba yuko kwenye kivuko chetu, huyo tutamzuia pamoja. Fisi na Nyani ulikwenda kuwatafuta mwenyewe. Waache."

Mfalme akatoa amri. Ghala lake likafunguliwa siku ile ile, na kila nyumba ikapata chake.

Mvua ziliponyesha, Tembo na Kifaru walilima, kwata, kwata, matope mpaka masikioni. Bi Pimbi alifuata nyuma na kibuyu chake, akipanda.

Basi wanangu, shikeni hili: anayelinda nyumba kwa kula mbegu zake, yeye ndiye adui wa kwanza.