Kwa Nini Waholanzi Huunganisha Maneno

Zamani, Uholanzi ilipokuwa ingali ikishindana na bahari kugombania ardhi, maneno ya watu wake yalikuwa mafupi, na kila neno lilisimama peke yake. Mtu alitamka moja, akavuta pumzi, ndipo akatamka jingine. Siku za utulivu haikuwa taabu. Lakini nchi ile ni tambarare, haina kilima cha kuuzuia upepo.

Kijiji kimoja cha huko kilikuwa na mjane mfuga ng'ombe, jina lake Geesje. Alipofiwa na mumewe, aliyemkatia nyasi msimu mzima ni Harm, mzee aliyeishi juu ya tuta la udongo lililozuia bahari, akililinda. Baadaye Harm akaugua miguu, akawa hatoki kitandani. Kila asubuhi Geesje alimpelekea maziwa.

Asubuhi moja ya dhoruba alikuta maji yakibubujika chini ya tuta, palepale penye nyumba ya Harm. Akaingia mbio kumbeba mzee, akashindwa.

"Niache, mwanangu," Harm alimwambia. "Kawaite watu."

Geesje alikimbia na ndoo yake hadi alipowaona wanakijiji shambani, ng'ambo ya mfereji mpana. Akapaza sauti: "Dijk," yaani tuta. Akavuta pumzi. "Wachter," yaani mlinzi. Akavuta pumzi tena. "Huis," yaani nyumba. Upepo ukayatawanya maneno. Waliosikia tuta walikimbilia tuta la kaskazini. Waliosikia nyumba walikimbilia kwao kuokoa watoto. Kwa Harm hakwenda mtu.

Ndipo Geesje alipotambua kwamba upepo ulikuwa ukipenya pale alipovuta pumzi. Akayafunga maneno yote katika pumzi moja, na maneno ya mlinzi na nyumba yalipokataa kushikana, akapachika s kati yao kama gundi. Kwa kuwa neno lilikuwa refu, aliipiga ndoo kwa kila silabi, lisikike lote: "Dijk-wach-ters-huis."

Mkulima aitwaye Wubbo alisimama, akasikiliza. "Nyumba ya mlinzi wa tuta," aliwaambia wenzake. "Ni kwa Harm. Leteni majembe na magunia."

Wengine walimtoa mzee wakimbeba mabegani, wengine wakaziba tundu la tuta, na bahari ikabaki upande wake.

Harm alimshika Geesje mkono, asiuachie. "Nilijua utarudi," alisema. "Asante, mwanangu."

"Nilipokuwa sina mtu, ulikuja wewe," Geesje alijibu.

Kwa shukrani, wanakijiji hawakuitaja tena nyumba ile kwa vipande. Hata maneno mengine wakayaunganisha, neno la mwisho likiwaambia kitu chenyewe ni nini. Ndiyo maana mpaka leo Waholanzi huandika maneno marefu bila nafasi, na mtoto anayejifunza kuyasoma huyapigia makofi, silabi baada ya silabi, mpaka afike mwisho salama.