Marahaba ya Nuhu

Hapo zamani, na msidhani zamani ya majini na masultani, la, zamani ya juzi tu, simu zipo na umeme upo, alikuwako Tanga mwanamke aitwaye Saumu. Saumu alikuwa na binti, Hidaya, na mwana wa kiume, Nuhu. Nuhu alikuwa na usonji. Masikio anayo, akili anayo tele, na magari yake ya kuchezea aliyapanga mstari ulionyooka kweli kweli. Ila neno, hata moja, hakuwahi kumpa mtu.

Saumu alipokuwa mjamzito tena, mama mkwe wake, Bibi Zena, akaweka nadhiri mbele ya watu: "Atakayemfanya Nuhu azungumze na sisi, huyo ndiye somo wa mjukuu wangu ajaye. Akiwa wa kike ataitwa jina lake. Akiwa wa kiume, tutajua la kufanya."

Saumu akampeleka Nuhu kwenye kituo cha watoto wenye usonji. Huko palikuwa na roboti, kimo cha mtoto wa chekechea, jina lake Chiku. Chiku hachoki, hanuni, sauti yake leo ndiyo sauti yake kesho, na Nuhu alipenda mambo yaleyale. Aliyemfundisha Chiku Kiswahili ni Faiza, fundi wa kompyuta, binti aliyelelewa akalelewa. Faiza alisema, "Roboti wangu hatakosa adabu!" Akamfunza kumpa kila mtu shikamoo. Mzee shikamoo, mtoto shikamoo!

Basi Chiku akamwambia Nuhu, "Shikamoo, Nuhu." Kimya. Kesho yake, "Shikamoo, Nuhu." Kimya. Keshokutwa, "Shikamoo, Nuhu." Nuhu akainua macho, akasema, "Marahaba, Chiku."

Lo! Saumu alilia mpaka mtandio ukalowa.

Lakini Faiza akashika kichwa. "Nimekosea jamani! Mtoto ndiye anayeamkia, si anayeamkiwa. Ngoja nirekebishe."

Bi Editha, mtaalamu aliyewashughulikia watoto pale, akamshika mkono. "Usiguse! Mtoto ameshika pa kuanzia, wewe unataka kumnyang'anya? Saumu, nyumbani mwamkieni vivyo hivyo."

Rahisi kusema. Nyumbani nani atampa mtoto shikamoo? Bibi Zena aliruka. "Mimi? Niliyemzaa baba yake? Dunia imekwisha!" Saumu naye kila akitaka kujaribu, mkwewe anamkodolea macho, naye anaacha. Aliona haya, huo ndio ukweli. Na iliuma. Mashine inajibiwa, mama mzazi ananyimwa. Mwanangu asije akaishia kuongea na mashine maisha yake yote, aliwaza.

Hidaya hakuona haya hata chembe. Alichukua ndoo ya plastiki, akajivika kichwani, akakaza sauti kama Chiku: "Shikamoo, Nuhu." Nuhu akajibu, "Marahaba, Chiku." Hidaya akavua ndoo. "Si Chiku. Ni Hidaya." Kesho ndoo, kesho shikamoo. Akaipandisha ndoo kidogo, uso ukaonekana nusu. Akaipandisha tena. Hata asubuhi moja akaja bila ndoo, na Nuhu akamwambia, "Marahaba, Hidaya."

Saumu akajifungua mtoto wa kike. Siku ya akika, mtoto apewe jina, watu wakajaa uani, na Faiza na Bi Editha wakaalikwa. Nuhu alikuwa kajikunyata pembeni na magari yake, kaziba masikio. Bibi Zena akawanyamazisha wote. Akaenda, akachuchumaa mbele ya mjukuu wake, kila mtu akimwona, akasema, "Shikamoo, Nuhu."

"Marahaba, Bibi."

Wanawake walitaka kupiga vigelegele, wakakumbuka Nuhu hapendi kelele, wakapunga mitandio juu. Saumu alitamani kucheza, basi tu alikuwa na kichanga mikononi.

Sasa jina! Faiza akasema, "Ni kosa langu lililomfungua mdomo."

Bi Editha akasema, "Kosa lako ungelifuta siku ileile. Mimi ndiye niliyelikingia kifua."

Hidaya akasema, "Huko kituoni alijibiwa Chiku. Humu ndani nimejibiwa mimi."

Bibi Zena akasema, "Wote hamkuwa na heshima ya kupoteza. Mimi nimeiweka chini mbele ya majirani."

Mtu akauliza, "Na Chiku mwenyewe?"

"Mjukuu wangu aitwe jina la kopo!" Bibi akafoka.

"Lakini Bibi," Hidaya akamtega, "uliapa atakayemfanya azungumze. Hukusema lazima awe na damu."

Bibi akamgeukia Saumu. "Haya, wewe ndiye mzazi. Sema."

Saumu akawatazama mmoja mmoja. Wote aliwapenda, wote anadaiwa nao. Hapo Nuhu akaacha magari yake, akaja mpaka kwenye mapaja ya mama yake, akamwinamia mdogo wake. Siku zote alikuwa wa kujibu, hakuwahi kuanza. Leo akaanza mwenyewe:

"Shikamoo..."

Akakwama. Shikamoo yake haikamiliki bila jina, na mtoto hana jina. Basi akainua macho, akamtazama mama yake usoni, akangoja. Saumu akafungua mdomo.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza, msimwache mtoto angoje. Saumu aseme jina la nani? Nani kati yao alistahili?