Meno ya Haraka na Meno ya Kungoja

Sogeeni mbele, ndugu zangu, jazeni hizo nafasi, maana leo sitapaza sauti. Habari yenyewe ni ya polepole.

Palikuwa na maalim mmoja katika mji wa bara, mji wa vumbi jekundu wenye matanuri ya matofali pembezoni. Jina lake Maalim Hamdani. Alikuwa akisalisha, na kila baada ya alasiri akisomesha watu wazima: wauza duka, mafundi, kina mama upande wao wa pazia. Sauti yake! Watu walifumba macho. Alipoitamka herufi dhali, ulisikia ncha ya ulimi ikigusa meno ya juu, laini, kama mtu anayempulizia mtoto kidonda.

Basi sukari ikamwingia. Fizi zikaharibika, meno yakaanza kucheza moja moja. Akaenda hospitali. Daktari wa meno, mama wa makamo, akamchungulia mdomoni, akavua glavu.

"Maalim, yote haya ni ya kung'oa. Hakuna la kuokoa."

Maalim akauliza, "Na baada ya hapo?"

Daktari akaweka mezani seti mbili za meno ya bandia. "Haya tunayatengeneza kabla ya kung'oa. Siku ileile unatoka hapa na meno mdomoni. Lakini fizi zikipona husinyaa, nayo yatalegea. Haya mengine ni ya kungoja. Unakaa miezi mitatu, pengine minne, bila jino hata moja, fizi zitulie, ndipo nichukue vipimo. Hayo yatakaa vizuri zaidi. Ipo pia aina ya tatu, ya kushikwa na skrubu ndani ya mfupa wa taya, lakini kwa sukari yako sikushauri."

"Miezi mitatu kibogoyo? Mimi?"

"Ndiyo, Maalim. Mimi ningengoja."

"Wanafunzi wangu wanisikie nikitafuna maneno? Hapana, binti yangu. Nipe ya siku ileile."

Nani kati yetu asingechagua hivyo? Nani anapenda kuonekana mtupu?

Wiki za kwanza mambo yalikuwa mazuri, meno meupe, safu imenyooka. Baadaye akaanza kutumia gundi ya meno kidogo, halafu nyingi. Hata Ijumaa moja, msikiti umejaa, yuko katika rakaa ya kwanza, akafika kwenye dhali, na safu ya juu ikashuka. Watu wakasikia kishindo kidogo cha plastiki. Maalim akaitoa, akaifunga katika leso, akamaliza sala kwa herufi zilizopondeka. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Akarudi kwa daktari. "Naweza kuyajaza ndani yabane tena kwa muda," daktari akamwambia. "Au uyavue, tungoje, nikutengenezee mengine."

Maalim akasema, "Aibu imeshanipata. Nimwogope nani tena? Nitangoja."

Basi ikaingia ile miezi, ndugu zangu, na ilikuwa kama usingizi. Mwingine akasalisha. Maalim akawa anasimama safu ya nyuma, karibu na viatu, akisoma kwa sauti ya chini. Nyumbani alikunywa uji, akala mboga iliyoiva mpaka ikalainika. Mchana alijilaza mkekani, jua likiingia dirishani na kutambaa ukutani, na yeye hajui kama amelala au yu macho.

Mchana mmoja, katika hali ile, akawasikia wanafunzi wake wote wa miaka iliyopita wakisoma pamoja. Sauti zilikuja na kuondoka kama upepo kwenye mtama. Akawatambua mmoja mmoja. Ikapita sauti moja nzito, na ilipofika kwenye dhali, ikatamka ze. Akaona mikono yenye udongo mkavu kwenye kucha.

Akaketi. Alikuwa Sungi, mfyatua matofali, aliyeanza kusoma akiwa na miaka hamsini. Kila siku dhali yake ilikuwa ze. Na Maalim akayakumbuka maneno yake mwenyewe, mbele ya darasa zima: "Sungi, ulimi wako mzito. Sala ya namna hii haifiki. Kakae nyumbani."

Akavaa kofia, akaenda kwenye matanuri.

"Shikamoo, Maalim," Sungi akasema, akijifuta mikono.

"Marahaba. Sikuoni msikitini, Sungi."

Sungi aliyasikia maneno yalivyotoka bila meno, akainamisha macho kwa adabu. "Uliniambia sala yangu haifiki. Nikaacha kusali. Huu mwaka wa nne."

Mwaka wa nne! Hesabuni wenyewe sala za miaka minne. Nani atakayeulizwa habari zake? Sungi, au yule aliyemfukuza?

Maalim akakaa juu ya matofali mabichi, yakabonyea. Akasema, "Nisikilize." Akasoma, na dhali ikatoka ze. "Umesikia? Je, na yangu haifiki?"

"Yako inafika, Maalim."

"Nani amekwambia?"

Sungi akaitazama mikono yake yenye udongo. Maalim akainuka, akachota maji kwenye pipa la maji ya kukandia udongo, akamtilia mikononi atawadhe. Wakasali alasiri pale, moshi wa tanuri ukipita juu yao taratibu. Nanyi mnajua, alasiri husomwa kimya. Hakuna aliyesikia herufi ya nani ilikuwaje.

Meno ya kungoja yakaja. Yakakaa sawasawa, na dhali ikarudi safi kuliko zamani. Na siku ya kwanza ya darasa, Sungi akasoma, akafika pale pale, akatamka ze. Watu wakamtazama Maalim. Maalim akasema neno moja tu: "Endelea."

Ndugu zangu, sisi meno tunayo. Ndimi zetu ziko sawa. Tumewaambia nini watu? Kuna mtu alikuwa akisimama katika safu hizi, leo hayupo, na sisi tunajua neno gani lilimtoa. Huenda tulilisema kwa kicheko. Huenda ni juu ya nguo yake, au kabila lake, au makosa yake ya zamani. Sisi tumesahau, yeye analilalia kila siku. Tunangoja nini? Tunangoja Mola atupokonye kitu, ndipo tuelewe?

Tukishatoa salamu leo, usikimbilie chakula. Kipo, hakitaenda popote. Nenda kamgongee mlango, na akifungua, anza wewe.