Daraja Lililokuwa Mbioni

Hapo zamani, wakati watu wangali wepesi kuamini maneno ya barazani, palikuwa na kijiji kiitwacho Msongeni, na kijiji hicho kilikatwa vipande viwili na mto Kisuguru. Upande wa huku walikaa Jumbe, wazee wake na watu wengi. Ng'ambo kulikuwa na mashamba ya mpunga na nyumba chache, na katika mojawapo alikaa Bi Zamda, mkunga aliyewapokea nusu ya watu wa Msongeni walipokuja duniani, Jumbe mwenyewe akiwamo. Daraja la zamani lilikuwa limechukuliwa na mafuriko, na tangu siku hiyo mwaka wa tatu ulikuwa unakaribia kwisha.

Basi kijijini hapo palikuwa na msusi wa makapu na nyungo, jina lake Shaweji, mtu asiyekuwa na mbele wala nyuma. Wengine walisema ni mjinga, wengine wakasema ni mjanja anayejifanya mjinga, na mkewe Mwantatu, aliyemjua kuliko wote, alisema hutegemea siku. Mwantatu alikuwa na mimba ya miezi saba. Kabla ya hiyo alikwisha kupoteza mbili, na Bi Zamda alikuwa amemwambia waziwazi kwamba safari hii asithubutu kujifungua bila yeye kuwapo. Lakini masika yalikuwa yanakuja, na Kisuguru ya masika haivukiki kwa miguu, hata uwe mrefu namna gani. Jambo hilo lilimkosesha Shaweji raha, ingawa mbele za watu alizidi kuchekesha.

Kila Ijumaa baada ya sala baraza lilikaa, na mwenye shida akaja kuieleza. Jumbe Mwinyigogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mpole, mpenda kahawa, na alisikiliza vizuri sana, akitikisa kichwa mahali panapostahili. Ila alikuwa na dawa moja kwa maradhi yote. Mtu akisha kusema, Jumbe hujibu, "Jambo hilo liko mbioni," na wazee wote kwa pamoja huitikia, "Limesikika." Basi mwenye shida hurudi zake akiwa na moyo mweupe, mpaka afike nyumbani aikute shida yake imeketi mlangoni inamngoja. Kisima kilikuwa mbioni. Ua wa kuzuia nguruwe wasifukue mihogo nao ulikuwa mbioni, habari ambayo nguruwe hawakuletewa.

Ijumaa moja Shaweji akaenda, akaamkia kwa adabu, akauliza habari za daraja. Jumbe akamjibu kwamba liko mbioni. Shaweji hakuondoka.

"Linakimbilia wapi, Jumbe wangu?"

Wazee wakacheka. Jumbe naye akatabasamu, akamwambia, "Linakuja huku huku kwetu."

Shaweji akashukuru sana. Asubuhi yake akatandika mkeka njia panda, akaweka kando kibuyu cha maji, akaketi anasuka kapu lake. Kila aliyepita akamwuliza anamngoja nani, naye akajibu kwamba anangoja daraja. Limo mbioni mwaka wa tatu huu, akasema, litafika na kiu kali, na itakuwa aibu kwa kijiji kizima likikosa hata maji ya kunywa. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Maneno yakaenda kisimani, yakaenda shambani, na siku ya nne yakaingia jikoni kwa Jumbe na kutokea sebuleni, naye akayapata pamoja na chakula cha mchana. Chakula hakikumshuka.

Ijumaa iliyofuata akamwita mbele ya baraza.

"Ewe Shaweji, nasikia wanitangaza njia panda."

"Sikukutangaza, bwana wangu. Nimekuamini."

Jumbe akaona hapo amebanwa, na mtu mpole akibanwa huwa mkali ghafla. Akasema, "Vyema. Kwa kuwa umeniamini, nakupa kazi. Ijumaa ijayo, kabla dele la kahawa halijakauka, uwe umelileta daraja hilo hapa barazani nilione kwa macho yangu. Usipolileta, uhame Msongeni, wewe na mkeo na makapu yako."

Wazee wakaitikia, "Limesikika," kwa mazoea tu. Baadhi yao walijuta papo hapo, ila neno lilikwisha kuwatoka.

Shaweji akaenda kwake, na siku hiyo hakuwa na mzaha wowote. Alimkuta Mwantatu anapepeta mchele, akamweleza yote. Mwanamke akaweka ungo chini. "Tukihama, huyu nitamzalia njiani?" akauliza. Shaweji aliogopa, tena aliogopa kweli, akajilaumu kwa ulimi wake usiojua kukaa kinywani.

Hata asubuhi akajiambia kwamba kitu kinachokimbia lazima kiache nyayo. Akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba, akiwauliza watu ni nani aliyeliona daraja mara ya mwisho. Wengi wakamhurumia, wakadhani sasa amepotewa na akili moja kwa moja. Siku ya tano ikawa amefika kwa Mzee Kingwande, aliyekuwa fundi wa kukata miti kabla macho hayajamchoka. Mzee hakucheka. Akamkumbusha kwamba mwaka ule wa mafuriko Msongeni nzima ilitoka msaragambo, wanaume kukata na wanawake kupika, ikapata magogo manane ya mninga, kila moja urefu wa pima nne. Yeye mwenyewe aliyachonga yakawa bapa juu na chini, na kila gogo akalitia chale tatu kichwani ili mtu asije akaliiba.

Shaweji akasema kwamba yeye naye alivuta kamba siku ile mpaka chini ya kilima, ila hakujua magogo yaliishia wapi.

"Tuliyapandisha kwa Jumbe, yakauke kivulini mwezi mmoja."

"Na baada ya mwezi, babu?"

"Baada ya mwezi Jumbe akasema daraja liko mbioni, sote tukaenda zetu."

Shaweji akambusu mzee mkono, akaondoka. Alipopita penye baraza la Jumbe, mahali palipokuwa patupu kwa kuwa siku hiyo haikuwa Ijumaa, akainama kama mtu anayechomoa mwiba mguuni. Akachungulia kitambo kirefu kuliko mwiba wowote unavyotaka. Kisha akaenda nyumbani, akala vizuri, na Mwantatu akajua kwamba leo mumewe yumo katika siku zake za ujanja.

Ijumaa ikawadia, na kijiji kikajaa hapo barazani, wengine kwa huruma, wengine kwa udaku. Mwantatu alikuja na furushi lake limefungwa tayari, maana kumwamini mume ni jambo moja na kufunga nguo ni jambo jingine. Jumbe alikuwa ameketi na wazee wake juu ya jukwaa la baraza, jukwaa pana lililotandikwa mikeka mizuri na mito ya kuegemea, kikombe kimo mkononi. Shaweji akatokea na kamba begani, basi.

"Li wapi daraja?" akauliza Jumbe.

"Jumbe wangu, nimelifuata nyayo siku sita, na maneno yako ni kweli tupu. Lilikuwa mbioni. Lilitoka msituni likivutwa na kijiji kizima, nami nikiwamo, likapanda kilima bila kupumzika. Lakini lilipokuta kivuli kizuri likachoka, likalala, na mpaka leo halijaamka."

"Limelala wapi?"

"Mahali ambapo mtu kama mimi kuliamsha ni utovu wa adabu."

"Mimi nakupa ruhusa. Liamshe."

"Basi namwomba Jumbe wangu na wazee wangu wanyanyuke kidogo."

Wazee wakatazamana, wakanyanyuka. Jumbe akawa wa mwisho, kwa kuwa kunyanyuka kwake kulikuwa kazi ya watu wawili. Shaweji akaondoa mito, akakunja mikeka, mmoja baada ya mwingine, na chini yake yakaonekana magogo manane ya mninga, yamelala sambamba, yameng'aa kwa miaka ya kukaliwa, na kila gogo lina chale tatu kichwani. Mzee Kingwande akasogezwa mbele, akayapapasa kwa vidole, akasema ni yenyewe.

Shaweji akainama. "Uliniamuru nililete daraja barazani, bwana wangu, nikalikuta limenitangulia. Ndilo hili. Mmelikalia."

Sasa, huko Msongeni, shauri likicheleweshwa watu hunong'onezana kwamba wazee wamelikalia. Walilisema neno hilo mashambani na vichochoroni, ila hapana aliyewahi kulitamka barazani, na hapana aliyejua kwamba lilikuwa kweli kiasi hicho. Watu wakabana midomo. Mmoja ikamshinda, kisha wa pili, mara uwanja wote ukawa kicheko kitupu. Jumbe aliyatazama magogo, jasho linamtoka. Nataka nimtendee haki: alikuwa amesahau. Yaliwekwa hapo yakauke, mtu akayatandikia mkeka siku moja ili aketi kidogo, na huko kuketi kidogo kukampendeza. Aliona haya mbele ya watu wake, haya ya kweli, hata akatazama chini. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu.

"Shaweji," akasema alipopata pumzi, "hiyo kamba ulikuja nayo ya nini?"

"Ya kuvutia, Jumbe wangu. Sikupenda turudi nyumbani kuitafuta."

Hawakurudi. Magogo yakateremshwa mtoni siku ile ile, na Jumbe mwenyewe akashika kamba, akavuta gogo moja hadi katikati ya njia, jambo ambalo wake zake walilisimulia mwaka mzima. Siku ya tisa daraja likasimama. Baada ya wiki tano mvua zikaanguka, Kisuguru ikafura ikanguruma, na mchana mmoja Mwantatu akashikwa na uchungu. Bi Zamda akavuka akitembea katikati ya daraja, mwavuli wa majani kichwani, bila hata kuyatazama maji. Alasiri akazaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Shaweji alilia hadharani, wala hakujificha.

Jumbe akapeleka mchele na doti mbili za kanga, akauliza baba mtu anataka tuzo gani. Shaweji akaomba nafasi ya kukaa barazani pamoja na wazee. Jumbe akamjibu kwamba nafasi ipo, ila pa kukaa hapapo tena. Basi tangu hapo baraza la Msongeni likawa linafanywa wima, na wazee wakagundua kwamba shauri linaweza kukatwa kabla magoti hayajauma. Kisima kikachimbwa mwezi huo huo, na nguruwe wakajengewa ua.

Hekaya hii niliisikia uwanjani pale, nimesimama, na aliyenipa naye alikuwa amesimama. Ndiyo maana ni fupi.